Mlinzi Asiyelala: Namna Seva Inavyolindwa na Kuamshwa Upya

Katika nyanda za kati za Tanzania mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, tangu Desemba hivi hadi Aprili. Mkulima wa Bahi, Kongwa au Chamwino apandaye mtama au uwele hana msimu wa pili wa kumfuta machozi. Kwa hiyo nafaka inapoanza kutia maziwa, kazi kubwa iliyobaki ni kuamia, yaani kukaa juu ya dungu tangu alfajiri hadi jua kuchwa na kuwafukuza ndege. Adui mkubwa ni kwelea-kwelea, ambao kundi lao laweza kumaliza jasho la miezi kadhaa kwa siku chache.

Lakini mwamiaji naye ni mtu. Aweza kusinzia, kuugua, au kuondoka kwenda kunywa maji. Njia rahisi ya kuliondoa tatizo hilo ni walinzi wa mashamba yanayopakana kukubaliana kuitana kila baada ya muda fulani. Wa kwanza huita, wa pili huitika. Asipoitika mara moja, huenda upepo umeichukua sauti. Asipoitika mara tatu mfululizo, mtu hutumwa kwenda kumwamsha au kushika nafasi yake.

Katika mpango huo mdogo zimo kanuni nne: ishara ya uhai, muda wa kungoja, idadi ya majaribio, na hatua ya kuchukua. Kanuni hizo hizo ndizo zinazotumika kuzilinda programu zinazofanya kazi usiku na mchana ndani ya kompyuta za ofisi, benki, hospitali na vyuo. Makala haya yanaeleza kanuni hizo na hesabu zake, na kisha yanaonyesha kikomo chake. Maana kumwamsha aliyesinzia ni jambo moja, na kujua kwa nini anasinzia kila siku ni jambo jingine.

SEVA NA MICHAKATO YAKE

Seva ni kompyuta inayongoja maombi kutoka kwa kompyuta nyingine au simu, na kuyajibu. Haina tofauti kubwa ya maumbile na kompyuta ya mezani. Tofauti iko katika wajibu wake: kompyuta ya mezani ikizimika humkwaza mtu mmoja, bali seva ikizimika huwakwaza wote wanaoitegemea.

Mji wa Dodoma unatoa mfano ulio karibu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 utekelezaji wake uliongezewa kasi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ina makao yake makuu mjini humo. Huduma nyingi zilizokuwa zikifanywa kwa karatasi na foleni sasa hufanywa kwa mtandao. Mfano mmoja ni mfumo wa malipo ya serikali kwa njia ya elektroniki ulioanza kutumika mwaka 2017. Katika mfumo huo mlipaji hupewa namba ya malipo, ambayo wengi huiita kontro namba, kisha hulipa kwa benki au kwa simu.

Mtu wa Kondoa au Mpwapwa aombapo namba ya malipo haoni seva. Huona simu yake tu. Lakini nyuma ya simu hiyo michakato kadhaa hushirikiana. Mchakato ni programu iliyokwisha kuwashwa na inayotenda kazi wakati huo. Programu iliyohifadhiwa tu ni kama nyimbo iliyoandikwa kwenye karatasi. Mchakato ni nyimbo hiyo inapoimbwa. Mchakato mmoja hupokea maombi, wa pili husoma na kuandika katika hazina ya taarifa, wa tatu huzungumza na benki, wa nne hutuma ujumbe kwa simu. Kila mmoja una namba yake ya utambulisho, na kila mmoja waweza kushindwa peke yake huku mingine ikiendelea. Mmoja ukishindwa, mlipaji hupata kimya, nayo seva yenyewe imewaka kama kawaida.

NAMNA TATU ZA KUSHINDWA

Ili kulinda kitu ni lazima kwanza kujua kinavyoharibika. Mchakato hushindwa kwa namna tatu.

Ya kwanza ni kufa. Programu hukutana na jambo ambalo mtunzi wake hakulitazamia, au kumbukumbu ya kompyuta hujaa, na mchakato hukoma ghafla. Hii ndiyo namna iliyo rahisi kugundua, kwa sababu namba yake ya utambulisho hutoweka katika orodha ya michakato iliyo hai.

Ya pili ni kuganda. Mchakato upo katika orodha, lakini hausongi mbele. Labda unangoja jibu lisilokuja, au michakato miwili inangojeana, kila mmoja ukishikilia kitu anachokihitaji mwenzake. Mlinzi anayetazama orodha peke yake ataona kila kitu ni salama.

Ya tatu ni kukosea huku ukiitika. Mchakato u hai na unajibu upesi, lakini majibu yake si sahihi. Huyu ni mwamiaji anayejibu "Nipo!" kila anapoitwa, ilhali ndege wanakula nyuma yake. Ni namna ya hatari kuliko zote, kwa kuwa dalili yake ya uhai ndiyo inayoficha ugonjwa wake.

Kila namna ina kipimo chake. Kufa hupimwa kwa kutazama orodha. Kuganda hupimwa kwa kuuliza na kungoja jibu kwa muda uliowekwa. Kukosea hupimwa kwa kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana kabla. Kwa mfano, kuomba taarifa za mlipaji wa majaribio na kuzilinganisha na zile zilizowekwa. Mlinzi asiye na kipimo cha tatu hawezi kutofautisha anayeamia na anayeitika tu.

KAZI YA MLINZI

Mlinzi wa michakato ni programu pia. Wazo lake si geni. Mfumo endeshi wa Unix, ulioanza kutungwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1969, ulipanga michakato kama ukoo: kila mchakato una mzazi, na mtoto akifa mzazi hupewa taarifa. Mtoto huacha namba moja kama wasia. Namba 0 maana yake ni kwamba amemaliza kazi yake salama. Namba nyingine yoyote maana yake kuna kasoro. Mkuu wa ukoo ni mchakato wenye namba 1, ambao huwashwa kwanza na kuwasha mingine. Katika mifumo mingi ya Linux ya leo nafasi hiyo imeshikwa na programu iitwayo systemd, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010.

Kwa ujumla kazi ya mlinzi ni kurudia hatua hizi bila kuchoka:

1. Kutazama kama mchakato umo katika orodha.
2. Kuuliza swali na kungoja jibu kwa muda usiozidi kikomo.
3. Kulinganisha jibu na lile linalotarajiwa.
4. Jibu likiwa sahihi, kufuta hesabu ya makosa na kupumzika hadi zamu ijayo.
5. Jibu likikosekana au likiwa si sahihi, kuongeza 1 katika hesabu ya makosa.
6. Hesabu ikifika kikomo, kuandika tukio katika daftari, kuuzima mchakato kabisa kama bado upo, na kuuwasha upya.

Hatua ya 6 ina jambo la kuzingatiwa. Mchakato ulioganda huenda bado umeshikilia mafaili na njia za mawasiliano. Ukiwashwa mwingine bila kuuondoa wa kwanza, wa pili utakuta mlango umefungwa nao utakufa mara moja. Kwa hiyo mlinzi huuomba kwanza ujifunge wenyewe kwa utaratibu, hungoja kidogo, na usipotii huukatisha kwa nguvu.

KWA NINI MARA TATU?

Mwanafunzi aweza kuuliza kwa nini mlinzi asichukue hatua mara jibu la kwanza linapokosekana. Hesabu inajibu. Ichukuliwe kwamba mlinzi huuliza kila baada ya sekunde 10, na kwamba swali 1 katika kila 100 hukosa jibu kwa bahati tu, mchakato ukiwa mzima. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo mlinzi huuliza mara 8,640. Akichukua hatua kwa kosa moja, atauzima mchakato usio na hatia mara zipatazo 86 kwa siku. Mlinzi wa namna hiyo amekuwa mharibifu kuliko ugonjwa wenyewe.

Akingoja makosa matatu mfululizo, na ikiwa makosa hayo ya bahati hayategemeani, uwezekano wake ni 1/100 × 1/100 × 1/100, yaani 1 katika 1,000,000. Kwa maswali 8,640 kila siku, kosa la namna hiyo litatokea kadiri ya mara moja katika siku 116. Gharama yake ni kwamba sasa mchakato uliokufa kweli utagunduliwa baada ya sekunde zipatazo 30 badala ya 10. Huo ndio mzani wa mlinzi yeyote: akiwa mwepesi mno hupiga kelele za bure, akiwa mzito mno huchelewa.

FAIDA KWA HESABU

Ichukuliwe tena kwamba mchakato fulani hufa mara 10 katika mwezi wa siku 30, yaani katika saa 720. Bila mlinzi, ni lazima mtumiaji alalamike, fundi apigiwe simu, aamke, afike kwenye kompyuta na kuuwasha. Ikiwa hayo huchukua dakika 45 kwa wastani, muda unaopotea ni dakika 450, au saa 7.5. Upatikanaji wa huduma ni

(720 − 7.5) ÷ 720 = 0.9896, yaani asilimia 98.96.

Kukiwa na mlinzi, kugundua huchukua sekunde 30 na kuwasha sekunde 10. Muda unaopotea ni sekunde 40 × 10 = sekunde 400, yaani chini ya dakika 7 kwa mwezi mzima. Upatikanaji hupanda hadi asilimia 99.985 hivi. Kwa mtu aliyetoka Manyoni kwa basi ili kukamilisha jambo lake kabla ofisi haijafungwa, tofauti kati ya dakika 45 na sekunde 40 ni tofauti kati ya kurudi na stakabadhi na kurudi mikono mitupu.

Hata hivyo msomaji mwangalifu ataona jambo moja katika hesabu hizo. Mchakato ulikufa mara 10 bila mlinzi, na umekufa mara 10 ukiwa na mlinzi. Mlinzi amepunguza muda wa kushindwa. Hakupunguza hata mara moja idadi ya kushindwa.

KUAMSHA KWA KIASI

Chanzo cha kifo kikiwa bado kipo, mchakato ulioamshwa hufa tena papo hapo. Mlinzi asiye na busara ataamsha na kuzika, kuamsha na kuzika, mara nyingi kwa dakika, hata kompyuta nzima ielemewe na kazi ya kuwasha. Kwa hiyo walinzi hupewa mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni kurefusha muda wa kungoja. Baada ya kifo cha kwanza hungoja sekunde 1, baada ya cha pili 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16. Jumla ya mingojeo mitano ni sekunde 31, na kwa mingojeo n jumla ni 2ⁿ − 1. Mpaka wa pili ni kukoma. Programu ya systemd, kwa mfano, isipopewa maagizo mengine, huruhusu mchakato kuwashwa mara 5 tu katika sekunde 10. Zaidi ya hapo huacha kuujaribu, na hali hiyo ya kushindwa huandikwa. Hapo ndipo binadamu anapopaswa kuitwa.

Kuna hatari nyingine inayofahamika kwa kila mfugaji wa nyanda za kati. Ng'ombe waliokaa na kiu tangu asubuhi wakifunguliwa wote kwa pamoja, hulivamia birika, hukanyagana, na birika lenyewe huweza kubomoka kabla hata mmoja hajanywa. Mfugaji mwenye uzoefu huwapeleka kwa mafungu. Vivyo hivyo, umeme ukirudi baada ya kukatika na michakato 50 ikaamka kwa sekunde ile ile, yote huivamia hazina ya taarifa kwa wakati mmoja. Hazina huelemewa na kuanguka, nayo michakato hufa na kuamshwa tena kwa pamoja. Dawa yake ni kumpa kila mmoja muda wa kungoja ulioongezewa sekunde chache za kubahatisha, ili ifike kwa mafungu.

NANI AMLINDE MLINZI?

Mlinzi ni mchakato, na mchakato hufa. Swali hili la zamani hujibiwa kwa kupanga ulinzi kwa ngazi.

Katika ngazi ya kwanza mlinzi wa kawaida hulinda michakato ya huduma. Katika ngazi ya pili mchakato namba 1 humlinda mlinzi huyo. Katika ngazi ya tatu kipo kifaa cha umeme ndani ya kompyuta, kinachoweza kuitwa saa ya ulinzi. Saa hiyo huhesabu kurudi nyuma, tuseme kutoka 60 hadi 0. Mfumo endeshi ukiwa mzima huirudisha kwenye 60 kila mara kabla haijafika mwisho. Mfumo ukiganda, hakuna wa kuirudisha; saa hufika 0 na kuilazimisha kompyuta nzima kuanza upya. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kuelewa lolote. Kazi yake ni kuhesabu tu, na kwa sababu hiyo ina machache ya kuharibika.

Ngazi ya nne ni seva nyingine, mahali pengine. Umeme wa jengo ukikatika na jenereta isiwake, hakuna mlinzi wa ndani atakayesaidia. Seva ya pili, labda Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 450 kwa barabara, huisikiliza ya kwanza na kushika zamu isipoisikia. Lakini hapa kuna mtego. Ikiwa iliyokatika ni njia ya mawasiliano tu, seva ya Dodoma ni nzima na inaendelea, huku ya Dar es Salaam ikiamini mwenzake amekufa. Zote mbili zitaandika malipo, kila moja katika daftari lake, na madaftari hayo hayatapatana. Ndiyo maana wataalamu huweka mashahidi wa idadi isiyogawanyika kwa 2, mathalani watatu, na kanuni kwamba anayeruhusiwa kuandika ni yule anayekubaliwa na walio wengi. Mmoja akitengwa, hujijua kuwa peke yake, naye hunyamaza.

KAZI ISIFANYIKE MARA MBILI

Ichukuliwe kwamba mzazi anamlipia mtoto wake ada ya chuo. Mchakato unapokea ombi, unaandika malipo, kisha unakufa kabla ya kutuma stakabadhi. Sekunde 40 baadaye mlinzi anauamsha. Mchakato unakuta ombi ambalo halijapewa stakabadhi. Ukilianza upya kama kwamba halijawahi kuguswa, mzazi atakatwa fedha mara mbili.

Kwa hiyo programu inayotazamiwa kuamshwa upya ni lazima itungwe kwa namna ambayo kurudia kazi hakubadilishi matokeo. Njia mojawapo ni kulipa kila ombi namba ya pekee na kuiandika katika daftari la kudumu kabla ya kugusa fedha. Mchakato ulioamka hutazama kwanza: namba hii imekwisha kulipwa? Kama ndiyo, hutuma stakabadhi tu. Kubonyeza kengele ya lifti mara tano hakuleti lifti tano, na hivyo ndivyo malipo yanavyopaswa kuwa. Kuamsha upya bila daftari la namna hiyo ni hatari kuliko kuacha huduma imezimika.

MIFANO MIWILI KUTOKA ANGANI

Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipokuwa kikishuka juu ya mwezi, kompyuta yake ilitoa onyo namba 1202, na baadaye 1201. Maana ya maonyo hayo ilikuwa kwamba kazi zimezidi nafasi iliyopo. Programu zake, zilizotungwa katika chuo cha MIT na kundi lililoongozwa na Margaret Hamilton, zilikuwa zimeandaliwa kwa hali hiyo. Kompyuta ilijianzisha upya, ikaacha kazi zisizo za lazima, ikaendelea na zile za kushusha chombo kutoka pale zilipofikia. Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua salama. Kilichookoa safari si kuamka tu, bali kuamka huku mashine ikikumbuka ilipofikia na ikijua lipi ni la kwanza.

Mfano wa pili ni chombo cha Pathfinder kilichotua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Baada ya kuanza kazi, kompyuta yake ilikuwa ikijianzisha upya mara kwa mara. Mlinzi wake alifanya wajibu wake: aliona kazi muhimu haijamalizika kwa wakati, akaamuru kuanza upya. Chombo hakikufa, lakini kila mara kazi ya siku iliyosalia ilipotea. Wahandisi huko California walichukua kompyuta pacha iliyobaki duniani, wakaiendesha huku kila tukio likiandikwa, hadi hitilafu ikajitokeza mbele yao. Walikuta kwamba kazi isiyo na haraka ilikuwa ikishikilia kitu kilichohitajiwa na kazi ya haraka, nayo ikicheleweshwa na kazi nyingine za kati. Walituma marekebisho hadi Mirihi, na kujiwasha huko kukakoma.

Mlinzi aliwapa wahandisi muda. Daftari la matukio ndilo lililowapa jibu.

KUAMSHA SI KUPONYA

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mwanafunzi hapaswi kulisahau. Ichukuliwe kwamba mchakato una kasoro ndogo: kila saa husahau kurudisha megabaiti 20 za kumbukumbu ilizoazima. Nafasi iliyopo ni megabaiti 2,000. Utakufa baada ya saa 100, yaani siku nne na ushei. Mlinzi huuamsha kwa sekunde 40, nayo maisha huendelea. Katika mwaka wa saa 8,760 utakuwa umekufa mara 87. Hakuna aliyelalamika, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Kisha huja mwisho wa Juni. Mwaka wa fedha wa serikali humalizika tarehe 30, na walipaji huwa wengi. Kazi ikiongezeka mara tatu, na uvujaji ukaongezeka vivyo hivyo, mchakato utakufa kila baada ya saa 33 badala ya 100, na huenda ukafa wakati foleni imejaa. Ugonjwa ulikuwapo mwaka mzima. Mlinzi, kwa wema wake, aliuficha.

Kwa sababu hiyo mlinzi bora hahesabiwi kwa wepesi wa kuamsha peke yake. Ni lazima aandike kila kifo: saa, mchakato, namba ya wasia iliyoachwa, kiasi cha kumbukumbu kilichokuwa kikitumika. Tena ni lazima awepo mtu ambaye wajibu wake ni kulisoma daftari hilo kila juma, hata kama huduma haikukatika. Vifo 87 vyenye umbali wa saa 100 kila kimoja si bahati mbaya. Ni mstari ulionyooka unaoelekeza kidole kwenye kasoro.

Historia ya nchi inatoa onyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo na hasara zilizotokana na kuzitegemea mashine hizo katika hesabu, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na vizuizi hivyo vililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Mchakato huamshwa kwa sekunde 10. Imani ya watu katika mashine, ikianguka, huchukua miaka.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili halihitaji kompyuta wala umeme. Mwalimu achague wanafunzi sita: wanne wawe michakato, mmoja mlinzi, mmoja karani wa daftari. Kila mchakato upewe orodha ya hesabu za kuzidisha na uzifanye mfululizo. Kila baada ya sekunde 30 mlinzi amwulize kila mmoja hesabu moja ambayo jibu lake analijua.

Mwalimu awape kwa siri baadhi ya michakato kadi zenye maagizo: "kufa" (ainamishe kichwa), "kuganda" (aendelee kuandika bila kujibu), au "kukosea" (ajibu upesi lakini kwa makosa). Mlinzi afuate kanuni ya makosa matatu kisha amguse mchakato bega, naye aanze tena pale alipokoma. Karani aandike saa na jina kila mara. Baada ya dakika 15 darasa lilisome daftari na kujaribu kukisia ni nani aliyepewa kadi gani.

MASWALI

1. Mchakato hufa mara 6 kwa mwezi wa siku 30. Kugundua huchukua sekunde 20 na kuwasha sekunde 25. Tafuta upatikanaji wake kwa asilimia.

2. Swali 1 katika 50 hukosa jibu kwa bahati. Mlinzi huuliza kila baada ya sekunde 30. Atauzima mchakato mzima mara ngapi kwa siku akichukua hatua kwa kosa moja? Na akingoja makosa mawili mfululizo?

3. Mlinzi hungoja sekunde 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa utaratibu huo. Baada ya mingojeo mingapi jumla itazidi dakika 10?

4. Eleza kwa nini mashahidi wawili hawatoshi kuamua ni seva ipi iendelee kuandika, njia ya mawasiliano inapokatika.

5. Daftari linaonyesha kwamba mchakato fulani hufa kila Ijumaa saa 9 alasiri. Taja mambo matatu ambayo fundi anapaswa kuyachunguza kabla ya kuridhika kwamba mlinzi anauamsha.